Ukingo ni Ushamba: Hotuba Elekezi Juu ya Rangi Zinazofifia Hadi Kutoonekana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wa meza kuu, wabunifu wa programu, mafundi wa kompyuta, na ninyi wa nyuma mlioingia mkidhani huu ni mkutano mkuu wa ushirika: itifaki imezingatiwa. Kaeni.

Nianze kwa kujipongeza. Ratiba imeandika jina langu bila cheo, na ninaelewa: aliyeiandika alitafuta cheo kinachonitosha, akakikosa. Nimsaidie. Mimi ni Profesa wa Kujitegemea. Uprofesa huu sikuuomba kwa chuo chochote, maana ningelazimika kwanza kuwafundisha wale watakaonitahini. Nimebobea katika tawi moja tu la elimu: jinsi rangi iliyo nyuma ya dirisha la kompyuta inavyopaswa kuanza ikiwa imekolea, ikapungua, ikapungua tena, mpaka ikawa haipo. Jambo hili tutaliita mfifio. Wenzangu wamebobea katika moyo na madaraja. Moyo ukisimama kila mtu hujua, na daraja likianguka hali kadhalika. Mimi kazi yangu ikikamilika hakuna anayeona kitu. Hicho, waheshimiwa, ndicho kilele cha taaluma.

Hoja yangu ni fupi, ndiyo maana nimeiandalia hotuba ndefu. Ukingo ni ushamba. Mstari unaoonyesha kitu kimeishia wapi ni dharau kwa mtazamaji na ni hatari kwa mbunifu. Ukichora mstari umejifunga. Kesho atakuja mtu na rula akuulize kwa nini umeuweka pale na si hapa, na wewe utalazimika kuwa na sababu. Lakini ukiiacha rangi ifie njiani, polepole, kwa adabu, huyo mtu ataweka rula yake wapi?

Tupite katika historia. Tuanze na zama za giza. Tarehe 24 Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 95. Dirisha lake lilikuwa la kijivu kitupu. Kila kitufe kilikuwa na mstari mweupe juu na kushoto, na mweusi chini na kulia, kikaonekana kimeinuka. Ukikibonyeza, mistari ilibadilishana na kitufe kikazama. Mwambaa wa juu wa dirisha unalolitumia ulikuwa wa bluu nzito, bluu ile ile kutoka pembe hadi pembe. Matokeo yake ni nini? Mtu ambaye hajawahi kushika kipanya aliketi, akatazama, akajua: dirisha linaanzia hapa, linaishia pale, hiki ni kitufe, nami nimekibonyeza. Bila semina! Bila mwongozo! Bila mimi! Na yote hayo yaliwezekana kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Sijui tuliishije.

Nuru ya kwanza ilichomoza na Windows 98. Mwambaa wa juu ulianza kwa bluu nzito upande wa kushoto, ukaenda ukichujuka hadi bluu ya anga upande wa kulia. Kwa wenye kupenda namba, ulitoka 0, 0, 128 ukafika 16, 132, 208. Siku nilipouona niliketi chini. Hata hivyo, kama mtaalamu, ni lazima niseme kasoro zake mbili. Kwanza, haukufika kwenye kutokuwapo; uliishia kwenye rangi nyingine, ukagonga ukingo wa dirisha kama mlevi kwenye ukuta. Pili, na hili ni baya zaidi, ulikuwa na kazi. Dirisha linalotumika lilipewa mfifio wa bluu, mengine yakapewa wa kijivu, ili mtu ajue anaandika wapi. Mfifio wenye kazi ni kibarua. Mimi nautetea mfifio mwungwana, ule ambao ukiondolewa hakuna kinachoharibika.

Januari 2000, huko San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani kuonyesha sura mpya ya Mac iliyoitwa Aqua, akaeleza kwamba lengo mojawapo lilikuwa mtu akiiona atamani kuilamba. Nimepitia vipimo vingi vya usanifu. Hakuna kilichonigusa kama hiki cha ulimi. Menyu zilionyesha yaliyo chini yake. Dirisha lisilotumika lilipaushwa mwambaa wake hadi maandishi ya nyuma yakapenya na kujichanganya na jina la mbele. Watu wakalalamika kwamba hawasomi hili wala lile. Kwani walikuja kusoma? Apple ikalegea, ikapunguza uwazi toleo baada ya toleo. Oktoba 2007 ikajaribu tena: mwambaa wa menyu wa toleo lililoitwa Leopard ukaonyesha picha ya mandharinyuma iliyo chini yake, majani na mawe yakapita katikati ya maneno. Miezi minne haijatimia, Februari 2008, ikaongeza mahali pa kuweka tiki ili kuuzima. Mtaniona nikilirudia neno hili, kuuzima. Kila mfifio mkubwa katika historia umezaliwa na pacha wake, nayo ni swichi ya kuuzima. Wachunguzi wa mambo wanasema hiyo ni dalili. Mimi nasema ni wivu.

Sasa simameni kwa heshima, nataka kutaja Vista. Januari 2007 Windows Vista iliingia madukani ikiwa na Aero: fremu za madirisha zikawa kama kioo chenye ukungu, nyuma yake unaona kuna kitu, ila hujui ni nini. Ili kuupata ukungu huo vizuri, Microsoft ilitaka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, na kadi ya picha yenye megabaiti 128 za peke yake. Pigeni hesabu. Gigabaiti 1 ni mara 256 ya zile megabaiti 4 za Windows 95. Na 256, waheshimiwa, ndiyo idadi ya hatua za uwazi ambazo pikseli inaweza kupewa, kuanzia 0 hadi 255. Mnaona mambo yanavyokutana? Huko Seattle wanunuzi walikwenda mahakama ya shirikisho, wakidai kompyuta zao zilibandikwa nembo ya kuiweza Vista ilhali Aero haziwezi kuionyesha. Kumbukeni hilo mtu akiwaambia kwamba umma hauhitaji mfifio: watu wamepanda kizimbani kudai haki ya kuona vitu nusunusu. Kisha ukaja mwaka wa msiba, 2012, Windows 8 ikaviondoa vioo na kurudisha rangi bapa. Nilivaa nyeusi. Nyeusi iliyofifia kuanzia kiunoni.

Wapenzi wa Linux msininunie, nimewafikia. Kwa miaka mingi ninyi mlikuwa na uwazi wa ajabu kuliko wote, uwazi wa uongo. Dirisha la kuandikia amri lilijifanya la kioo. Kwa kweli lilikwenda kuichukua picha ya mandharinyuma, likakata kipande kinacholingana na mahali lilipokaa, likajipaka mgongoni. Ukilisogeza, lilikimbia kukata kipande kingine. Na ukiweka dirisha jingine katikati, lile la kioo liliendelea kukuonyesha maua ya mandharinyuma kana kwamba hakuna kitu kilichopita. Wataalamu wadogo waliona aibu. Mimi naona ni uvumbuzi ambao ofisi nyingi hazijaufikia: kuonyesha kwamba huna cha kuficha, kwa kutumia picha iliyopigwa kabla. Baadaye madirisha yakaanza kuchanganywa kweli na kadi ya picha, na Januari 2008 ikatoka sura ya Linux iitwayo KDE 4 ikiwa na mtindo wa Oxygen, ambao uliweka mfifio katika mwili wa dirisha lenyewe: juu ling'ae, katikati ya juu pawe na mng'ao wa duara, kisha yote yateremke na kuyeyuka katika kijivu. Lile dirisha lilikuwa na mapambazuko. Ulifungua orodha ya mafaili ukakuta kunakucha.

Naomba maji. Ahsante, binti.

Tuingie kwenye sayansi, na wenye roho nyepesi washike viti. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika New York Institute of Technology, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliona kwamba pikseli yenye namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, haijakamilika. Wakaiongezea ya nne, wakaiita alfa: kiasi gani cha kuwapo. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha kanuni za kuchanganya. Ile kuu ni rahisi: chukua rangi ya mbele uizidishe kwa alfa yake, chukua rangi ya nyuma uizidishe kwa kilichobaki, jumlisha. Mwaka 1996 wote wanne walipewa tuzo ya kisayansi na watu wa Oscar. Simu yangu mimi iko wazi usiku na mchana.

Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli 2,073,600. Ikilazimu kuichora yote upya mara 60 kwa sekunde, mnapata michanganyiko 124,416,000 kila sekunde, na kila mmoja una hesabu ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Mashine inapata joto, feni inavuma, betri inanywewa, na mwisho wa jasho lote hilo mtumiaji anaona sehemu ambayo karibu haina kitu. Nionyesheni taaluma nyingine inayotumia nguvu kiasi hicho kuzalisha upungufu. Msiitaje mnayoifikiria, Mgeni Rasmi yupo.

Hapa pana siri ambayo mafundi wengi hawaijui. Kutokuwapo kuna rangi. Mkishangaa nitawasubiri. Katika programu nyingi, ukiiambia kompyuta “pasipo kitu”, yenyewe huandika sifuri nne: nyekundu 0, kijani 0, bluu 0, alfa 0. Yaani weusi usioonekana. Sasa mwanafunzi anachukua nyeupe safi, 255 kila upande, anaififisha kuelekea “pasipo kitu”. Kama programu inachanganya kila namba peke yake, katikati ya safari nyeupe imeshashuka hadi 127 au 128, yaani kijivu, na kijivu hicho kina nusu ya kuwapo. Matokeo yake ni doa, kama vile mtu amepitisha kiganja chenye masizi kwenye shuka. Porter na Duff walishatoa dawa: zidisha rangi kwa alfa kwanza, ndipo uchanganye, na nyeupe itabaki nyeupe hadi pumzi ya mwisho. Fundi mnyenyekevu anaweza pia kuififisha nyeupe kuelekea nyeupe yenye alfa 0, akaenda zake nyumbani. Mimi sikubaliani nao. Lile doa liacheni. Mwiteni mteja, mwambieni ni ukungu wa kisanaa, na bei iongezwe.

Nifike sasa kwa adui yetu mkuu. Adui yetu ni jicho.

Mwaka 1804 daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza kwamba ukikazia macho nukta moja, vitu vya pembeni huanza kufutika. Na vyenye kingo laini hufutika upesi kuliko vyenye kingo kali. Hapo jicho lilikuwa rafiki: unalipa kitu kisicho na ukingo, lenyewe linakumalizia kazi kwa kukifuta kabisa. Laiti historia ingeishia hapo! Mwaka 1865 Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, akaonyesha kwamba pale mwanga unapoanza au kuacha kupungua, jicho huona mstari ambao haupo: upande mmoja mstari wa kung'aa, upande mwingine mstari wa giza. Mnaelewa uchokozi huo? Wewe umefuta ukingo kwa gharama kubwa, na jicho linakaa pale likijichorea wake.

Uhaini haukuishia kwa binadamu. Mwaka 1958, katika Johns Hopkins huko Baltimore, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakisikiliza chembe ya ubongo wa paka huku wakimwonyesha nukta nyeusi na nyeupe, ile nyeusi ikiwa imebandikwa kwenye kipande cha kioo. Paka hakujali. Ghafla, wakiwa wanaingiza kipande cha kioo kwenye mashine, chembe ikaripuka kwa mlio kama bunduki ya rashasha. Haikuwa nukta. Ulikuwa kivuli cha ukingo wa kile kipande, mstari hafifu uliopita mbele ya jicho la paka ukiwa na mwelekeo fulani. Kumbe ubongo una chembe zilizoajiriwa kwa kazi hiyo moja, kuvizia kingo! Mwaka 1981 wakapewa Nobel. Mimi nimemtafakari sana yule paka. Alikuwa na nafasi ya kutazama nukta zilizopangwa na wanasayansi wawili, akachagua pembe ya kioo. Hana malezi. Lakini ninawaonya, kila mtumiaji anayeketi mbele ya kazi zenu ana paka huyo kichwani, na anatafuta mahali pa kushika.

Balaa la paka linaongezeka kwa sababu kompyuta nayo haijui kufifisha kama tunavyotaka. Tuseme mfifio wenu unatoka kijivu namba 232 kwenda kijivu namba 200. Safari hiyo ina hatua 32 tu. Itandazeni kwenye upana wa pikseli 1,920: kila hatua inapata pikseli 60. Hapo hamna mfifio tena, mna ngazi, na jicho la Mach linaipaka kila kidato chokaa ili kionekane vizuri. Umekimbia ukingo mmoja, umezaa zaidi ya 30. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1962, Lawrence Roberts alipoonyesha huko MIT kwamba picha yenye hatua chache huonekana laini ukiinyunyizia kelele kabla ya kuipunguza. Ndiyo, kelele. Pikseli moja juu kidogo, nyingine chini kidogo, bila mpango, mpaka vidato visionekane. Nawaomba wanasiasa waliomo humu wasiandike hapo, hiyo ni siri ya taaluma.

Sasa kuna watu wa haki za wasomaji. Mwaka 2008 mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofaa watu wote ulitaka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake. Wananifuata na kipimo chao mkononi. Mimi huwauliza swali moja: dhidi ya nini? Nimeandika herufi nyeupe juu ya bluu nzito. Juu kabisa zinasomeka. Zikishuka, bluu inapungua. Zikifika chini, nyuma yao kuna chochote mtumiaji alichokifungua: picha ya harusi, jedwali la mishahara, barua ya kufukuzwa kazi. Akiwa amefungua karatasi nyeupe, herufi zangu zinakuwa nyeupe juu ya nyeupe, uwiano wa 1 kwa 1. Huo ni usawa kamili. Nani humu ndani anapinga usawa? Anyooshe mkono.

Wapo pia wanaojaribu kuuokoa mfifio kwa kuupa ajira. Wanasema utumike chini ya orodha ndefu, ili mstari wa mwisho ukififia mtu ajue kuna mengine ya kushusha. Wanasema uwekwe mweusi chini ya picha, ukipungua kwenda juu, ili maelezo meupe yasomeke bila kuifunika picha yote. Nakiri njia zote mbili zinafanya kazi. Ndilo tatizo lake. Katika orodha, mfifio unasema “mambo yanaendelea”. Chini ya picha, unasema “soma hapa”. Mfifio umegeuka karani! Mimi naudai ule usiosema kitu, ule ambao mbunifu akiulizwa kwa nini ameuweka hujibu “unapendeza” na mjadala ukafungwa. Apple wenyewe Juni 2025 walirudi na vioo vipya walivyoviita Liquid Glass, nikapiga vigelegele. Haukupita muda wakaongeza chaguo la kukikoleza kioo. Wivu, waheshimiwa. Wivu wa wanaosoma.

Naona mkono. Ndiyo, Mama, safu ya tatu. Mpeni kipaza sauti.

“Hujambo, mwanangu Profesa?”

“Sijambo, Mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Mimi nauza kanga, nimekuja kwa sababu niliambiwa kuna mambo ya rangi. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Doti inafika dukani ikiwa imeungana, kanga mbili kitambaa kimoja. Anayekata anafuata pindo. Sasa hizo rangi zako zinazozimia njiani, mtu akitaka kukata, anakata wapi?”

Swali zuri sana, Mama, na uzuri wake ndio unaofanya lisijibike. Kanga naiheshimu kama urithi. Ila kitaalamu ni dirisha la zama za giza: fremu kali, katikati panajulikana, maandishi yamekaa mahali pamoja na yanasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara. Ningepewa mimi, ningeliyeyusha pindo, nikaufanya mji uchujuke kuelekea ukingoni, na jina ningelififisha kuanzia neno la pili, hata jirani asijue kama amesemwa au hajasemwa.

“Mwanangu, mpasho usiosomeka nitamuuzia nani?”

Ahsante, Mama. Tumepokea maoni. Rudisheni kipaza sauti.

Kwa wanaopenda mfano hai, hamkulazimika kwenda mbali. Mfumo wa kusajili mahudhurio ya leo, ule mliokutana nao kwenye kompyuta ya mlangoni, ni kazi ya mikono yangu. Dirisha linaanza zambarau ya kifalme penye jina, linapoa penye namba ya simu, linakuwa moshi penye namba ya akaunti ya kulipia posho, na kule chini, penye kitufe cha Thibitisha, linakuwa halipo kabisa, pamoja na kitufe chenyewe. Niliwatazama kutoka pembeni. Mlisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mliinama, mkasogea, mkavaa miwani, mkaivua. Bwana mmoja alitoa leso akafuta kioo. Sijawahi kuona hadhira iliyoguswa na usanifu kiasi kile.

Nihitimishe kwa maazimio, maana kikao kisicho na maazimio ni mazungumzo.

Azimio la kwanza: kuanzia leo hakuna dirisha litakaloruhusiwa kuishia mahali panapojulikana.

Azimio la pili: mbunifu akiulizwa kitu kinaanzia wapi, atajibu “taratibu”.

Azimio la tatu: swichi za kuzima uwazi zibaki, ila nazo zififishwe.

Azimio la nne: ubongo wa binadamu uandikiwe barua ya onyo kuhusu tabia ya kutafuta kingo, nakala kwa paka.

Azimio la tano: kila dirisha jipya litakalotengenezwa nchini lipitiwe na mtaalamu wa mififio. Kwa sasa tupo mmoja.

Wanaoafiki waseme ndiyo. Sisikii. Wasioafiki? Mnaongea wote kwa pamoja, siwezi kuhesabu. Ndugu Katibu, hebu tuambie mfumo unaonyesha wajumbe wangapi wamehudhuria, tupate akidi. Wangapi? Sifuri? Hakuna hata mmoja aliyethibitisha? Vizuri sana! Kama hakuna mjumbe ukumbini, basi hakuna aliyepinga. Maazimio yamepita bila kupingwa, na iandikwe hivyo kwenye muhtasari.

Makofi yenu nayapokea, hata hizo kelele nyingine. Kuhusu posho, ninyi wenyewe mmesikia kwamba hamkuja, na mtu ambaye hakuja hawezi kulipwa. Hilo ni suala la utaratibu na mimi si mhasibu. Mhasibu mwenyewe ni yule anayenipungia mkono. Unasemaje, Ndugu Mhasibu? Paza sauti. Na mimi simo? Hapana, sikiliza. Mimi ndiye mtoa mada, mimi ndiye niliyeuchora mfumo, jina langu lilikuwa la kwanza kabisa, pale kwenye zambarau. Halikuthibitishwa? Hebu subiri, usifunge hiyo bahasha. Una kalamu? Leta karatasi, ile yenye mistari. Piga mstari mmoja hapa, mnene, niandike jina langu juu yake. Na hapa kulia piga mwingine wa kusimama, kiasi changu kiishie pale pale penye mstari, kisije kikafia njiani.